Nimetoka benki na suti saba: nivae nini Mombasa?

Swali: Nina miaka 46. Nimefanya kazi benki miaka 19, minane ya mwisho hapa Mombasa. Mwaka jana nilichukua malipo ya kuondoka nikaanza kazi yangu mwenyewe, kuwawekea wafanyabiashara hesabu na kuwatayarishia kodi. Nina suti saba, tai sijui ngapi, na mashati meupe na ya samawati. Nikiingia na suti dukani kwa mteja, wafanyakazi wanadhani nimekuja kudai deni. Nikivaa jinzi na fulana, juzi mama mmoja aliniuliza kama mimi ndiye dereva wa teksi aliyemwita. Mke wangu anasema nigawe suti zote, ninunue nguo upya. Ni kweli? Na nianzie wapi, maana pesa si kama zamani. (Msomaji, Tudor)

Jibu: Ndugu yangu, usigawe kitu bado. Mama watoto ana haki ya kuchoka na kabati lililojaa, lakini ndani ya suti hizo saba naamini mna nguo nne au tano za maana zilizolala. Mimi niko nyuma ya cherehani mjini humu mwaka wa 31 sasa, na waliotoka benki, bandarini na forodhani wakanijia na swali kama lako siwezi kuwahesabu. Wengi walikuja wamekwisha kukosea. Waligawa kila kitu wiki ya kwanza, wakanunua fulana sita za kola zenye rangi za kupiga kelele, na baada ya miezi mitatu wakaja kwangu kutaka suti.

Vazi unalolitafuta, la kati ya suti na fulana, watu wanaliita smati kazho (smart casual), na kila mtu analifasiri apendavyo. Mimi nina kipimo kimoja. Ni nguo ambayo umetoka nayo asubuhi kwenda kwa mteja Mji wa Kale, adhuhuri ukaitwa mkutano wa ghafla katika hoteli ya Nyali, na huna haja ya kupitia nyumbani kubadilisha. Na pwani hii haikungoja kufundishwa vazi la namna hiyo. Watazame wazee Ijumaa wakitoka msikitini: kanzu iliyopigwa pasi, koti juu yake, kofia ya vito, makubadhi miguuni. Tai hakuna, na hakuna atakayethubutu kusema mzee yule hakuvaa. Ukimwangalia vizuri utaona ni koti tu lenye umbo gumu. Vyote vingine ni vyepesi, vinapitisha upepo, na kila kimoja kimemkaa. Hayo ndiyo nataka uyaige. Kanzu yenyewe ukialikwa harusi ivae, watu watafurahi. Ukienda nayo Jumatatu kukagua risiti za mteja, wewe ambaye hujawahi kuivaa, utaonekana unaigiza.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea. Suti zako hazikukosa heshima. Zilifumwa na kushonwa kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi, nawe sasa unatembea kwa miguu kutoka Mwembe Tayari hadi Barabara ya Biashara mwezi wa tatu, kaskazi inakata roho, nyuzi 32 au 33 na unyevu juu yake. Kabla ya kuuliza mtindo, uliza nguo imefumwa kwa nini. Usiulize muuza duka. Kwake yeye kila kitu ni pamba asilia. Mimi nikiletewa kitambaa nisichokijua huchomoa uzi pembeni, nikauwasha kwa kiberiti juu ya sinia. Pamba na kitani huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu ukiyagusa yanasagika. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima yenyewe. Polista huyeyuka, hutoa moshi mweusi, ikishapoa inaacha kishanga kigumu. Ukipata majivu yenye vichanga vigumu ndani, ni mchanganyiko. Polista kidogo ndani ya suruali sina ugomvi nayo, husaidia isikunjike. Katika shati siitaki. Kwa macho inang'aa vizuri dukani, lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: saa nne asubuhi imekugandia mgongoni, saa nane inanuka, na hata ikifuliwa ile harufu haitoki yote.

Kitani ndicho kitambaa cha mji huu. Kinakunjika, ndiyo, na watu wa benki hilo huwatia homa. Kama mikunjo inakukosesha usingizi, tafuta kitani kilichochanganywa na pamba. Ule wa asilimia 55 kwa 45 unapatikana na unatulia zaidi. Lakini mikunjo ya kitani haina aibu mradi nguo imepigwa pasi kabla hujatoka nyumbani. Mikunjo ya saa sita inasema umefanya kazi. Ya saa mbili asubuhi inasema umelala nayo.

Turudi kabatini. Chukua koti moja moja, litoe nje juani, usilitazame chini ya taa. Lenye mistari myembamba ya kibenki halitenganiki na suruali yake. Lenye kung'aa na ulaini kama karatasi ya picha, vilevile. Koti linaloweza kutembea peke yake ni lile la rangi moja, bluu ya giza au kijivu au kahawia, ambalo ukilipitishia kidole unausikia mfumo wa uzi, lina chembechembe. Ukilipata moja tu katika saba, umeshinda.

Kisha lishike kifuani kwa vidole viwili, kimoja nje kimoja ndani, ulisugue taratibu. Ukisikia tabaka zinateleza juu ya nyingine, ndani mna kitambaa kilichoshonewa, na koti hilo litakufaa miaka. Ukisikia kitu kimeshikana kama kadibodi, kimegandishwa kwa gundi. Si vibaya, suti nyingi za dukani ziko hivyo, ila usilitie kwenye maji ya moto wala usimpe kijana wa pasi ya makaa alikandamize. Gundi ikiachia, kifua kinatoa viputo, na viputo hivyo sijaona fundi aliyevirudisha.

Koti hilo moja mpelekee fundi abadilishe vifungo. Ni kazi ya nusu saa na ndiyo inayobadilisha nguo kuliko zote. Ondoa vile vya plastiki vinavyofanana na rangi ya kitambaa, weka vya pembe, au vya kifuu cha nazi. Juu ya bluu ya giza, kahawia ya kifuu inapendeza sana, tena ni kitu cha kwetu. Mtu akikwambia atakutolea na pedi za mabegani kwa bei ya soda, kataa. Pedi ikitoka, bega linaanguka na kichwa cha mkono kinabaki kikiwa kikubwa. Inabidi mkono wote ufumuliwe na kukatwa upya. Inafanyika, lakini ni kazi ya siku nzima na bei yake inakaribia koti jipya.

Suruali za suti za kijivu, zisizo na mistari, zote zibaki. Zinakubali karibu shati lolote. Ila ujue kwamba ukishaanza kuvaa suruali peke yake, usiirudishe tena kwa koti lake siku ya hafla. Imefuliwa zaidi, imefifia kidogo, na juani inaonekana. Kwa hiyo chagua suti moja iliyo bora, ya rangi ya giza, uifunike isiguswe: mazishi ya mkubwa, mahakamani, au siku utakayokwenda kuomba mkopo kule kule ulikotoka. Tai bakisha mbili. Hizo nyingine, mama watoto afanye atakalo.

Mashati ndiyo yatakayokusumbua, na sababu hukuitazamia. Kola ya shati la benki imekatwa ili ishikwe na tai. Ukiondoa tai, ncha zake zinalala chini ya koti kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Kuna kola yenye vifungo viwili vidogo kwenye ncha. Inasimuliwa kwamba Brooks Brothers wa Marekani waliiweka sokoni mwaka 1896 baada ya mmoja wao kuona wachezaji wa polo Uingereza wamezifunga kola zao zisiwapige usoni. Hiyo inasimama bila tai. Au tumia kola fupi ya kusimama, kama ya kanzu. Hapa Mombasa hakuna atakayeishangaa, na mashati yako meupe mawili matatu fundi anaweza kuyakata kola ya zamani akabakisha ule ukanda wa chini. Nimefanya hivyo mara nyingi kwa mashati ambayo kola zilikwisha kuchanika shingoni, yakapata maisha mengine.

Ya samawati nina neno nayo. Samawati na kijivu hafifu ndizo rangi zinazoonyesha jasho kuliko zote. Doa likilowa linageuka rangi, mteja anakuona makwapa kabla hajakuona uso. Nyeupe inaficha, bluu ya giza inaficha, na shati la mistari au drafti ndogo linaficha vizuri zaidi. Usiyatupe ya samawati. Yavae miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, upepo unapokuwa upande wako. Na vesti ya ndani, kama huwezi kuiacha, iwe ya rangi inayokaribia ngozi yako. Nyeupe ndani ya nyeupe inajichora yote.

Sasa, kuchomekea au kuachia nje? Hili ndilo lililokufanya uitwe dereva, naamini, kuliko jinzi. Shati lenye mikia, lililopinda mbele na nyuma, lilikatwa ndefu ili lisichomoke ukikaa. Ukiliachia nje linaning'inia kama umevaa haraka. La kuachia nje lina pindo lililonyooka na mpasuo mdogo kila ubavu. Simama, achia mikono: pindo liishie katikati ya zipu mbele, nyuma lisivuke nusu ya mfuko wa suruali. Mashati yako mafundi watakupunguzia hivyo kwa dakika kumi na tano kila moja. Wenye visiwa vya joto walikwisha kuliwaza jambo hili zamani. Kule Hawaii, washonaji walipigania maafisa waruhusiwe shati la kuachia nje kazini, na mwaka 1966 ikaanza desturi ya Ijumaa ya Aloha, mtu kwenda afisini na shati la maua bila tai. Nasi pia tuko kisiwani. Maua makubwa kwa mhasibu sikushauri, lakini kukatwa kwa lile shati kulikuwa na akili.

Ukitaka la kushonewa, nenda Barabara ya Biashara asubuhi kabla jua halijakuchosha, maana mtu aliyechoka hununua kitambaa cha kwanza. Upite leso, usije ukapotea humo kama nipoteavyo mimi, utafute kitani au pamba. Kitambaa cha upana wa inchi 60, mita mbili zinatosha shati la mikono mirefu kwa mtu wa wastani. Ukiwa na tumbo ongeza robo. Na kabla hakijakatwa, kilowekwe usiku mzima, kianikwe, kipigwe pasi. Fundi akikwambia si lazima, mwambie ni lazima. Mimi nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini nilipomkatia mwalimu mmoja suruali ya kitani bila kuiloweka, kwa sababu alikuwa na haraka nami nilitaka pesa. Alirudi baada ya kuifua mara moja. Suruali imepanda juu ya kifundo, amesimama mlangoni kama mtu anayejiandaa kuvuka mto. Hakusema kitu. Alinyanyua mguu tu akauweka juu ya stuli yangu. Nilimshonea nyingine bure.

Suruali nyingine zitakazokufaa ni mbili za pamba nzito kidogo, moja ya kijani cha zaituni na moja ya rangi ya mchanga, na jinzi moja ya bluu ya giza isiyochanika wala kufifishwa magotini. Epuka kaki ile ya njano pamoja na shati la samawati. Umesoma Kenya, unajua sare hiyo. Utaonekana umechelewa gwaride. Nyeupe ya kitani inapendeza sana mpaka siku utakapokaa kwenye kiti cha tuktuk. Miguu isibane kama ya vijana. Iwe na nafasi ya kubana kitambaa kwa vidole viwili pajani. Pindo liguse kiatu bila kujikunja juu yake. Kaptura, hata ya kitani, hata ya bei, haiingii kwa mteja.

Viatu. Vile vyeusi vya kamba vya benki vina soli ngumu ya ngozi, nadhani, na tayari vina kuvu. Mvua za masika zikishika, ngozi iliyofungiwa kabatini inaota nywele nyeupe kwa wiki mbili. Futa kwa kitambaa kilichochovywa siki na maji, anika kivulini penye upepo, kisha paka rangi. Baada ya hapo viache kwenye rafu ya wazi, uvijaze magazeti, na usivae jozi moja siku mbili mfululizo, kwa sababu jasho la mguu halikauki kwa usiku mmoja mji huu.

Kiatu cha kununua kwanza ni cha kahawia, cha kuchopeka bila kamba, soli ya mpira. Sababu yake utaijua mwezi wa kwanza wa kazi. Wateja wako wa Mji wa Kale na Makadara, nusu yao watakukaribisha ghorofani nyumbani, na mlangoni viatu vinavuliwa. Mtu anayeinama dakika mbili kufungua kamba huku mwenyeji ameshika pazia ananihuzunisha. Hapo ndipo soksi zinapotoa siri. Nunua soksi mpya leo, kabla ya kitu kingine chochote katika barua hii. Iliyotoboka kidole gumba imewahi kumwaibisha mkubwa kuliko wewe. Jozi ya pili, raba nyeupe za ngozi zisizo na maandishi, kwa siku za jinzi. Makubadhi yaweke kwa Ijumaa jioni na wageni wa nyumbani.

Umeniuliza pesa. Ukiweza kuamka, nenda soko la Kongowea siku wanayofungua mabelo ya mitumba, ukutane na kamera, yaani chaguo la kwanza, usingoje fagia, yaani mabaki. Koti la kitani lisilo na bitana nyuma, la mfuko ulioshonewa juu kama kiraka, mara nyingi linatoka huko zuri kuliko la dukani, kwa sababu vijana hawalitaki. Lakini usinunue jina lililo shingoni. Geuza ndani: makwapa, msamba, kola. Soma kile kilebo cha ubavuni kinachosema nyuzi. Kisha bega. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wako, pale mkono unapoanzia. Ukianguka, liache, hata likiwa bei ya chai. Kiuno nitapunguza, mikono nitafupisha, suruali ikiwa na akiba nyuma nitaachia inchi moja au moja na nusu. Bega siligusi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mtumba usiokukaa ni nguo ya kuazima uliyoilipia.

Najua utauliza Kaunda suti, kwa sababu kila mtu ananiuliza tangu viongozi waanze kuivaa tena. Ni vazi zuri kwa joto, lilichukua jina la rais wa kwanza wa Zambia, na hata Spika wa Bunge letu alipoipiga marufuku bungeni Novemba 2023, wateja wangu waliongezeka badala ya kupungua. Shona moja kama moyo unataka, ya kitani kilichochanganywa, bluu ya giza, mfuko mmoja au miwili tu, kisha vaa lile la juu na suruali zako za kijivu. Ya polista inayong'aa, juu mpaka chini, mikono mifupi, mifuko minne, nimewaona walioivaa wakikabidhiwa funguo za gari wakaegeshe.

Kwa hiyo, ukishanunua soksi, pesa zako zianzie kwa marekebisho: vifungo vya koti, mapindo ya mashati, kola. Zifuate viatu vya kahawia. Kisha mashati mawili ya kitani, lakini si kwa pamoja. Agiza moja, livae, lifue mara tatu nyumbani kwa sabuni yenu ya kawaida, ulipige pasi, kisha ujipime tena mabegani na urefu wa mikono. Kama halijasogea, mpelekee fundi huyo huyo lile lile awe nalo mezani anapokata la pili. Na siku ya kupima suruali, nenda umevaa viatu utakavyozivalia. Wengi huja na ndara.